Tanga au Mkuku? Hukumu ya Kuihamisha Leseni ya Kompyuta

Tumeletewa katika darsa yetu suali ambalo kwa kulitazama juu juu ni dogo, nalo ndani yake mna mambo makubwa ya amana na haki za watu. Suali ni hili: mtu alikuwa na kompyuta yenye programu kuu iliyolipiwa kwa njia ya halali. Kompyuta ikafa kwa kutu na hewa ya chumvi, kama zifavyo nyingi katika visiwa vyetu. Akanunua nyingine badala yake. Je, yajuzu kwake kuichukua ile leseni ya kompyuta iliyokufa akaitia katika hii mpya, au hana budi kulipa mara ya pili?

Suali hili limezidi kuulizwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft iliacha kutoa matengenezo ya kawaida ya Windows 10. Na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, kwa mujibu wa masharti ya kampuni hiyo haizikubali mashine nyingi za zamani. Basi wenye maduka, walimu wa madrasa, makarani na wanafunzi, katika Lamu na Shela, na katika Pate, Siyu na Faza, wamejikuta wakitafuta mashine nyingine, mpya au za mtumba. Na hapo ndipo zilipozuka rai mbili. Mmoja asema: "Itie tu, ikikubali ni yako." Na mwengine asema: "Haya ni mambo ya Wazungu, hayana halali wala haramu."

Sisi twaona kuwa rai zote mbili ni za haraka. Kukubali kwa mashine si fatwa. Ufunguo wako ukiufungua mlango wa jirani, nyumba ile haiwi yako kwa kuwa imefunguka. Na hilo la pili ni baya zaidi, kwani hapana biashara duniani isiyokuwa na halali yake na haramu yake, awe aliyeianza ni Mwarabu, Mhindi au Mzungu. Lililo juu yetu ni kulifahamu jambo kwanza lilivyo, kisha ndipo tulihukumu.

Kompyuta ni chombo, na programu kuu, kama vile Windows, ndiyo iiendeshayo. Bila ya hiyo, kompyuta ni kama jahazi lililo pwani lisilo na nahodha wala mabaharia: mbao zipo, safari haipo. Mtu alipapo pesa za Windows hainunui programu yenyewe ikawa milki yake, awe aweza kuinakili na kuiuza apendavyo. Kampuni yaeleza wazi katika masharti yake kwamba haiuzi programu. Yatoa ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo ndiyo leseni, na alama yake ni ufunguo wa herufi na tarakimu 25.

Na leseni hizo, kwa mtu wa kawaida, ni za namna mbili. Ya kwanza ni ile inunuliwayo peke yake, mbali na kompyuta. Masharti yake yamruhusu mwenyewe kuihamisha kutoka kompyuta yake moja hadi nyingine, maadamu ameiondoa katika ile ya kwanza. Ya pili ni ile inayokuja ndani ya kompyuta tangu kiwandani. Hiyo imefungwa na kompyuta ile ile. Mwenyewe aweza kumpa au kumwuzia mtu mwengine, lakini pamoja na kompyuta yake, si mbali nayo. Zamani ufunguo wake ulibandikwa kwa karatasi chini ya mashine au ubavuni mwake. Tangu zama za Windows 8, yaani mwaka 2012, watengenezaji wengi wameuandika ndani ya ubao mkuu wa mashine, usionekane kwa macho. Na hii ya pili huwa rahisi kwa bei kuliko ya kwanza. Jambo hili la bei tulishike, tutalihitaji mbele.

Watu wa visiwa vyetu hawana haja ya mfano wa mbali ili kuifahamu tafauti hii. Jahazi lina tanga na lina mkuku. Jahazi likioza, mwenyewe hulitoa tanga lake akalipandisha katika foromali ya jahazi jingine, wala hapana amwulizaye. Lakini mkuku hauhamishwi. Mkuku ndio jahazi lenyewe; aujengaye mkuku mpya amejenga chombo kipya. Basi leseni ya namna ya kwanza ni tanga, na ya namna ya pili imefungwa na mkuku. Na ajabu ni kwamba kampuni yenyewe imeyapima mambo kwa kipimo hicho hicho. Ukibadilisha diski ya kompyuta au kumbukumbu yake, ingali ndiyo ile ile. Ama ukiubadilisha ubao mkuu, kampuni imekuwa ikiihesabu kuwa ni kompyuta nyingine, isipokuwa ubao umebadilishwa kwa sababu ya kuharibika.

Huenda msomaji akasema: "Hayo ni masharti ya kampuni. Sisi twataka kujua sharia yasemaje." Na haya tuyatazame katika vitabu tulivyovisoma kwa mashekhe wetu, wala hatuna haja ya kwenda mbali.

Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, katika Minhaji yake ametaja vitu viingiavyo katika mauzo ya nyumba hata kama havikutajwa. Akahesabu milango iliyosimamishwa, na ngazi iliyopigiliwa misumari, na jiwe la chini la kusagia lililojengewa. Na kwa kauli iliyo sahihi zaidi, akatia na jiwe la juu, na ufunguo wa kufuli iliyotiwa imara mlangoni. Tazameni hekima ya jambo hili. Jiwe la juu la kusagia lachukulika kwa mkono, na ufunguo hutiwa mfukoni, walakini vyote viwili vimehesabiwa kuwa ni vya nyumba, kwa kuwa havina maana pasipo na kile kilichoimarishwa. Vivyo hivyo ufunguo wa Windows ulioandikwa ndani ya ubao. Anunuaye kompyuta ya mtumba yenye leseni ya kiwandani ameinunua na leseni yake. Na auzaye kompyuta yake ya zamani, kisha akaunakili ufunguo wake kwa siri ili autumie katika mpya, ni kama mtu aliyeuza nyumba akabaki na ufunguo wa mlango. Hilo halina shaka ndani yake.

Lakini mfano huu wa ufunguo una mpaka wake. Mwenye suali letu hakuiuza kompyuta, imemfia. Na mtu ambaye nyumba yake imeanguka, aweza kuing'oa kufuli yake na ufunguo wake akavitia katika nyumba nyingine, kwani vyote ni milki yake. Basi hatuna budi kuuliza: huyu mwenye leseni amemiliki nini hasa? Na katika fiqhi yetu, anayenufaika kwa kitu huwa ni mmoja katika watu watatu.

Wa kwanza ni mnunuzi. Huyo amemiliki kitu chenyewe. Afanya apendavyo, na sharti la kumzuia asikiuze wala asikihamishe lapingana na maana yenyewe ya kuuza. Na kisa cha Barira kinajulikana: mabwana zake walitaka kushurutiza katika mauzo lisilokuwa haki yao, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akalikataa sharti lile mbele za watu.

Wa pili ni mwenye kukodi. Huyo hakumiliki kitu, bali amemiliki manufaa yake kwa malipo. Na hapa mna mas'ala yanayokaribia mno suali letu. Mtu amemwajiri fundi amshonee kitambaa maalumu, kitambaa kikaliwa na panya. Au amemwajiri mwanamke amnyonyeshe mtoto maalumu, mtoto akafa. Je, aweza kuleta kitambaa kingine, au mtoto mwengine, badala ya kilichotajwa? Kauli iliyo sahihi zaidi katika Minhaji ni kwamba aweza, kwa kuwa kitambaa na mtoto ni njia tu ya kuyapokea yale manufaa aliyoyalipia. Basi lau leseni ingekuwa ni ijara isiyo na sharti, tungesema kwamba kompyuta ni kama kitambaa kile. Ikiharibika ataleta nyingine ya mfano wake. Ndiyo sababu moyo wa mtu wa kawaida humwambia: "Nimelipa, kwa nini nilipe tena?" Moyo huo haukupotea; una asili katika ilimu.

Wa tatu ni mgeni aliyekaribishwa chakula. Huyo hakumiliki kitu wala manufaa. Amehalalishiwa kula tu. Haifai kwake kukichukua chakula akaenda nacho kwake, wala kukiuza, isipokuwa kile anachojua kuwa mwenyeji wake ameridhia akichukue. Na karibu yake ni mwazimaji, ambaye kwa kauli sahihi hana ruhusa ya kumwazima mwengine kile alichoazimwa, ilhali mwenye kukodi aweza.

Basi mwenye leseni ni yupi katika hawa? Asidhani mtu kwamba khitilafu hii ni ya vitabu vyetu tu. Mahakama za Wazungu wenyewe zimekhitalifiana kwayo. Mwaka 2000 mahakama ya juu ya Ujerumani iliamua kwamba Microsoft haiwezi kumzuia mfanyabiashara kuuza nakala za programu zilizokusudiwa kuuzwa pamoja na kompyuta mpya, akaziuza peke yake, maadamu nakala hizo zilikwisha kuuzwa mara ya kwanza kwa idhini yake. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Vernor na kampuni ya Autodesk, ilisema kinyume chake: aliyepewa programu kwa leseni yenye masharti mazito si mmiliki wa nakala ile, na kwa hivyo hana haki ya kuiuza. Na tarehe 3 Julai 2012 mahakama ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya UsedSoft na Oracle, ilisema kwamba aliyelipa ili aitumie programu pasipo mwisho wa muda amekuwa kama mnunuzi, aweza kumwuzia mwengine. Lakini kwa sharti kwamba nakala yake mwenyewe aifanye isitumike tena. Ujerumani na Ulaya wamemwona ni mnunuzi. Marekani imemwona ni mtu wa ruhusa.

Tumezitaja hukumu hizi kwa sababu mbili. Kwanza, ili ijulikane kwamba anayelalamika juu ya masharti haya si mjinga wala si mwizi. Wako mahakimu waliomwunga mkono. Pili, ili ionekane jambo ambalo hata mahakama iliyompa mtu haki kubwa kabisa haikuliacha, nalo ni kwamba leseni moja haitumiki mahali pawili. Na ndugu zetu wanaoishi Ulaya wana sharia ya nchi yao. Ama sisi hatuwezi kuiazima hukumu ya Luxembourg tukaifanya ruhusa ya Lamu. Hapa Kenya, sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 yaihesabu programu ya kompyuta pamoja na kazi za maandishi, na mwenyewe ana haki juu yake. Na maulamaa wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, walipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988, walikubaliana kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni haki zinazohifadhiwa na sharia, zina thamani ya mali, wala haijuzu kuzivamia.

Baada ya haya yote, rai yetu ni hii. Leseni ya namna ya kwanza, ile ya tanga, ni haki ya mwenyewe kuihamisha. Kompyuta ikifa au akiiacha, aiondoe leseni katika ile ya kwanza, aitie katika ya pili, wala hapana dhambi wala haja ya kulipa tena. Akiiacha ikitumika katika zote mbili amekwenda kinyume na ahadi yake, na Sura ya Maida yafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi.

Leseni ya namna ya pili, iliyofungwa na mkuku, haihamishwi kwa hiari ya aliyenayo peke yake. Na dalili yetu si kwamba kampuni ni kubwa, wala si kwamba imeandika maneno mengi. Dalili yetu ni ile bei. Mtu alitakiwa achague baina ya ruhusa ihamayo kwa bei ya juu, na ruhusa isiyohama kwa bei ya chini. Akaipata ile ya chini pamoja na kompyuta yake. Akikodi punda wa kumfikisha Matondoni kwa nauli ya Matondoni, hawezi kudai afike Kipungani kwa kuwa punda angali ana nguvu. Sharti lililojulikana, lililoridhiwa, lililopunguziwa bei kwa ajili yake, na lisilohalalisha haramu wala kuharimisha halali, Mwislamu hulitimiza.

Lakini hapa liko jambo ambalo wengi hulisahau. Sharti hili ni haki ya mwenye programu, na mwenye haki aweza kuisamehe. Tumekwisha kusema kwamba mgeni huchukua kile anachojua kuwa mwenyeji ameridhia. Basi na aulize. Amweleze mwenye programu, au yule aliyemwuzia ikiwa ana idhini yake: "Kompyuta yangu imekufa, leseni yake ni ya kiwandani, nataka kuitumia katika nyingine, mwanikubalia?" Akikubaliwa hali amesema kweli, imekuwa halali kwake, wala asijitie wasiwasi. Akikataliwa, imepotea kama lipoteavyo jahazi na mkuku wake, naye amebaki na dini yake. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuifungua Windows katika kompyuta nyingine aliweza kupiga simu, na sauti ya mashine ilimwuliza: programu hii imetiwa katika kompyuta ngapi? Watu wakizoea kujibu "moja" na hali zipo tatu. Wakisema: "Ni mashine tu, nimeidanganya mashine." Ndugu zetu, mashine haidanganywi, kwani haina imani wala nafsi. Aliyedanganywa ni aliyeiweka mashine ile iulize kwa niaba yake, na aliyedanganya ni mtu mwenye ulimi ambao utamshuhudia.

Sasa tuzijibu hoja ambazo twazisikia barazani.

Wasema wengine: "Kampuni hiyo ni tajiri, haitahisi kupungukiwa na leseni yangu moja." Twajibu: haki haipungui kwa utajiri wa mwenyewe. Lau ingekuwa hivyo, ingejuzu kuiba katika duka kubwa na kuharimika kuiba katika kibanda, na hapana mwanachuoni aliyesema hivyo. Tena mtu ajizoezaye kuila haki ya aliye mbali, kwa kuwa hamwoni usoni, siku moja ataila ya aliye karibu akiwa amempa mgongo.

Wasema wengine: "Kompyuta imekufa, leseni imelala bure, hapana apataye madhara nikiitumia." Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na kwa ajili yake tumesema aulize. Chakula kilichobaki mezani huenda kikatupwa, na hata hivyo mgeni hakifungi katika leso pasipo ridhaa ya mwenye nyumba. Ridhaa huchukuliwa kwa dalili pale mwenyewe aliponyamaza. Ama aliyekwisha kutamka "situ", hatuwezi kumwambia kuwa moyoni mwake alitaka kusema "ndiyo".

Wasema wengine: "Ilimu haiuzwi. Wazee wetu wa Siyu na Pate walinakili misahafu na vitabu kwa mikono yao, wala hawakuomba leseni ya mtu." Hoja hii twaipenda, kwani Siyu ilijulikana kwa wanakili wake wa misahafu, na fahari ile ni yetu sote. Lakini angalieni: waandishi wa vitabu vile walitaka vinakiliwe, na walihesabu kunakiliwa kwake kuwa ni sadaka yao yenye kudumu. Wanakili wetu walikuwa wakiitimiza ridhaa ya waandishi, si kuivunja. Na atakaye kuwafuata wazee wetu katika hilo, mlango u wazi, wala si lazima aingie kwa dirishani. Tangu mwaka 1991, alipoanza kijana Linus Torvalds wa Finland, iko programu kuu iitwayo Linux, ambayo wenyewe wameitoa kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia, kuinakili, kuitengeneza na kumpa mwenziwe. Ubuntu, iliyo katika ukoo huo, yapatikana bila malipo tangu mwaka 2004, nayo hutiwa katika kompyuta moja au mia, kukuu au mpya. Hiyo ndiyo iliyo karibu na desturi ya wanakili wa Siyu.

Na kwa hili twawajibu pia wanaosema: "Ni dharura." Dharura ni pale ambapo halali haipatikani. Mwenye kufa kwa njaa aruhusiwa nyamafu. Hakuruhusiwa nyamafu mtu aliye na samaki chunguni, ila hakupenda mchuzi wake. Twakubali kwamba ziko kazi zitakazo Windows pekee, na programu za hesabu ambazo hazikubali nyingine. Mwenye kazi hizo yampasa aihesabu gharama ya leseni katika mtaji wake, kama mvuvi ahesabuvyo nyavu. Lakini mwanafunzi aandikaye insha, na madrasa ichapayo orodha ya watoto, na karani ajazaye fomu za serikali kwa intaneti, hao wana njia ya halali isiyowagharimu ila siku chache za kuizoea.

Yamebaki maneno ya kuwaambia wenye maduka na mafundi, kwani wao ndio walioshika usukani wa jambo hili, na mteja aghalabu hajui lolote. Amwuziaye mtu kompyuta na amwambie wazi: leseni iliyomo ni ya namna gani, yahama au haihami, au kwamba hamna leseni kabisa na kilichomo ni nakala iliyovunjwa. Mwajua kisa cha Mtume alipotia mkono katika fungu la nafaka sokoni akakuta ndani ni mbichi na juu kavu, akamkanya vikali mwenye mali ile kwa kuwa ameificha aibu yake. Kompyuta yenye programu iliyovunjwa ni fungu lile lile: juu kavu, ndani limelowa. Mnunuzi aliyefichwa jambo hilo ana khiari ya kuirudisha, na makosa ni ya muuzaji, si yake. Na zile nambari za leseni ziuzwazo kwa bei ya kutupa, ambazo muuzaji mwenyewe hajui zilikotoka, nyingi ni vipande vya leseni za makampuni na mashule zilizogawanywa bila ya idhini. Mtu mwenye kujihifadhi huiuliza asili ya mali kabla ya kuifurahia bei yake.

Na maneno ya mwisho ni kwa wasimamizi wa wakfu. Kompyuta za madrasa hununuliwa kwa pesa za watu walio hai na waliokufa, na nadhiri atasimamishwa aulizwe kila senti. Basi na asimamie mambo matatu. Kwanza, kabla ya kununua, aamue: je, mashine hizi zitabadilishwa mara kwa mara kwa sababu ya chumvi? Ikiwa hivyo, huenda leseni ihamayo, ijapokuwa ni ghali leo, ikawa ni rahisi kwa muda wa miaka kumi. Na huenda programu ya bure ikawa bora kuliko zote mbili. Pili, aandike katika daftari ya wakfu kila leseni, na risiti yake, na kompyuta iliyomo, ili anayekuja baada yake asiwe na kisingizio cha kusema hakujua. Tatu, asikubali kamwe programu iliyovunjwa ndani ya madrasa, hata ikiwa imetolewa bure kwa nia njema. Haiwi mtoto akafundishwa mlango wa amana kwa mashine inayofunguka kila asubuhi kwa khiyana.

Ikiwa yuko katika wasomaji mwenye ilimu ya mambo haya akaona tumepungukiwa, na atuandikie kwa hoja, nasi tutaisoma katika darsa. Ama muhtasari wa tuliyoyasema ni huu: kabla hujaihamisha leseni, jiulize ulilipia nini. Ikiwa ulilipia tanga, lipandishe katika chombo kipya na ulishushe katika cha zamani. Ikiwa kilikuwa ni cha mkuku, muulize mwenyewe, na useme kweli. Wabillahi taufiki.